Tumbo Lililobarikiwa Bure

Padri alinibariki mimba ambayo sikuwa nayo, na mimi nikaitikia "Amina" kwa sauti.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwezi wa Mama Maria, siku ambayo parokia yetu hapa Bunia huwaita mbele akina mama wajawazito wabarikiwe pamoja. Nilikuwa nimekaa benchi la katikati nikiwatafuta wateja wangu kwa macho. Mimi ni mshonaji, na kanisani ndiko ninakohakikisha kama nguo zangu zinakaa vizuri kwenye migongo ya watu. Mungu ananijua na tumeshazoeana. Mzee wa protokoli, mwelekezaji wa waumini mwenye mshipi wa kijani begani, alikuwa akipita kati ya mabenchi akiwaokota wajawazito mmoja mmoja. Alipofika kwangu akainama, akaninyooshea mkono kwa heshima zote.

"Mama, simama. Twende mbele."

Nikatikisa kichwa. Akadhani ni haya.

"Usiogope, mama. Baraka haiumizake mutu."

Benchi zima likageuka. Mama mmoja nyuma yangu akanisukuma kidogo kiunoni, kunisaidia kuinuka. Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungetangaza katikati ya wimbo wa kwaya kwamba hili ni tumbo lako tu, la siku zote? Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka saba, na alikuwa hapo hapo kando yangu akitafuna ukosi wa shati. Nikasimama, nikaenda. Nikapanga mstari kati ya msichana wa miezi minane na mke wa katekista, nikanyunyiziwa maji ya baraka usoni, nikatakiwa kujifungua salama.

Niliporudi, mtoto akaninong'oneza: "Mama, mutoto iko mu tumbo?"

"Nyamaza, tunasali," nikamwambia, nikapiga magoti muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Mtaa wetu wa Bigo haukungoja hata Jumapili iishe. Jioni jirani alikuja na pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito hupenda kuutafuna, umefungwa vizuri katika karatasi. Jumatatu mke wa mwenye duka alinibebea ndoo ya maji bila kuombwa. Jumanne mume wangu, ambaye ni mwalimu, mtu mwembamba asiye na haraka, alirudi kutoka shuleni akaweka mfuko wake juu ya meza na kunitazama kwa makini.

"Mama batoto," akasema, "balimu benzangu bananipongeza. Kuna komunike ya kanisa yenye mi sikusikia?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akacheka, watoto wakacheka. Wiki ile yote nilipita nyumba kwa nyumba nikikanusha, lakini habari ya mimba hukimbia, na habari ya kutokuwa na mimba huchechemea nyuma yake. Mwezi mzima baadaye bado kulikuwa na watu walioniuliza kwa huruma, "Basi ilitoka?" Nikawa nacheka nao pia.

Lakini nisidanganye. Usiku ule wa Jumapili nilifunga mlango wa chumba kwa komeo, nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikalia. Niliona aibu, na nililichukia tumbo langu kwa chuki ile mtu humwekea jirani mwizi. Watoto watatu walipita humo, kisha wakaondoka na kuniachia begi tupu.

Ajabu ni kwamba kazi yangu yote ni tamaa za watu wasioipenda miili yao, na nilikuwa nikizicheka. Wanawake huingia katika chumba changu cha kushonea na simu mkononi. "Mama Fundi, unishonee kama hii." Ninatazama picha: msichana mwenye kiuno cha nyigu na nyonga kama mtungi, amesimama mbele ya gari ambalo si lake, amevaa gauni, robe tunavyoiita sisi. Kila mara nilijibu vilevile: "Robe nitashona. Ule bibi wa ndani yake, sina kitambaa chake." Wakicheka, tunaanza kupimana. Mmoja ananiambia wifi yake alimwita ubao wa kufulia. Mwingine amezoea kujiona katika simu inayompunguza pua na kumlainisha mashavu, hata kioo cha nyumbani kimeanza kumtia hasira. Wengine huniomba kwa sauti ya chini niwawekee sponji la godoro ndani ya bitana ya sketi, upande huu na upande huu, na mimi nimewashonea nyonga nyingi katika mji huu ambazo waume wanazisifu mpaka leo. Bibi harusi mmoja aliniuliza kama ni kweli kuna sindano ya kukuza makalio. Nikamwonyesha sindano ya cherehani. "Mi ninajua hii tu."

Mcheka kilema hafi bila kumfika. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikifungua picha katika simu, mlango umefungwa.

Aliyenionyesha njia ni mteja wangu mmoja, mfanyabiashara anayekwenda Kampala kununua mali. Safari moja alikawia wiki tano, na aliporudi aliniletea nguo zake zote tuzipunguze. Akafunga pazia, akainua blauzi. Tumbo lilikuwa limelala kabisa, na chini yake kulikuwa na alama ya kisu, imepita kutoka nyonga hadi nyonga. Nililikagua kwa jicho la fundi. Mshono ulikuwa umenyooka.

"Iliuma?"

"Sana. Lakini minafurahi. Miaka kumi nilikuwa ninangoja hii kitu."

Na alikuwa na furaha kweli. Lilikuwa jambo la kumfurahia. Alisimama mbele ya kioo changu kirefu akigeuka huku na huku, mimi nikiwa na pini mdomoni. Kisha akainua mikono, akaitazama kwa chini.

"Sasa imebaki hii mikono," akasema. "Zamani sikuwaka naiona."

Tukaitazama wote wawili kwa muda. Ilikuwa mikono tu, ya mtu mzima.

Ningeweza kujifunza hapo hapo, lakini sikujifunza. Nilimwomba namba ya ile kliniki, nikatuma picha zangu, mbele na ubavuni, nikapewa siku katika mwezi wa nane. Nilipomwambia mume wangu, alifikiri kidogo kisha akasema, "Kama unataka, enda. Mi sikulalamikaka hata siku moja." Jibu hilo lilinikasirisha siku tatu. Nilitaka alisifu tumbo langu au alilaumu, kimojawapo. Kumbe mwenzangu hakuwa amelitazama.

Kilichobaki ni kumpata mtu wa kukaa na watoto, yaani mama yangu. Anaishi upande wa Mahagi, karibu na ziwa, na kwenye simu huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mama, mwezi ya nane utakuja kukaa na batoto. Minaenda Kampala banipunguze."

"Bakupunguze nini?"

"Tumbo."

"Ya robe gani?"

"Hapana ya robe, mama. Tumbo."

"Minasikia! Tumbo ya robe! Sasa weye hauna mashini? Fundi muzima unapanda motokari mupaka Kampala juu ya kupunguza robe?"

Ni kosa langu. Kwetu kupunguza ni kazi ya mkasi na uzi. Asubuhi hadi jioni neno hilo ndilo linalonilisha. Nilimweleza polepole: daktari, kisu, ngozi inakatwa, inavutwa, inashonwa. Nilijiandaa kwa mahubiri. Mwili ni zawadi ya Mungu, tumbo hilo ndilo lililobeba wajukuu zangu, wasichana wa siku hizi, na kadhalika. Nilikuwa na majibu yote tayari.

"Na masikio?" akauliza mama, kwa sauti ndogo nisiyoijua. "Na masikio banashonaka?"

"Masikio ya nani?"

"Ya kwangu."

Hakungoja mwezi wa nane. Siku ya nne alishuka mlangoni kwangu na kikapu cha samaki wakavu na kuku mmoja mwenye hasira. Alikunywa chai, akawatuma watoto nje, akafungua kitambaa chake cha kichwani. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imechanika kuanzia kwenye tundu mpaka chini, vipande viwili vikining'inia kila kimoja upande wake.

"Mama! Nani alikuchana?"

"Weye."

Nikakaa.

"Ulikuwa na meno mbili," akasema. "Nilikuwa ninakunyonyesha, ukashika herini, ukavuta. Ulikuwa na nguvu, weye mutoto!" Akacheka, akijivunia kabisa, kama vile nilikuwa nimebeba gunia la muhogo.

Mimi sikuweza kucheka. Nina miaka arobaini na moja, na ninakula kwa macho yangu. Mwanamke akipita barabarani ninajua bega lake lipi limeshuka, ninajua aliyevaa sponji na ambaye hakuvaa. Sikio la mama yangu sikuwahi kuliona. Nilikumbuka kwamba hata usiku alilala na kitambaa. Nilidhani ni baridi. Nilikumbuka picha za harusi yangu, kila moja yeye amegeuka upande, nami nikawaza kwa miaka mingi kwamba hakumpenda mume wangu. Kumbe alikuwa analificha sikio. Nilimshika miguu nikalia, na yeye akaniambia nisimlowanishie kikwembe kipya, kitenge alichojifunga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungerudisha?"

Tulikwenda hospitalini hapa hapa Bunia, kwa pikipiki mbili, mama akimpigia kelele dereva wake apunguze mwendo kwenye mashimo. Daktari alikuwa kijana mpole. Alilichoma ganzi sikio tu, na muda wa kupika ugali ukiwa haujapita, kazi ikawa imekwisha. Mama akadai kioo. Alihesabu nyuzi, zilikuwa nne, akamgeukia daktari.

"Ni muzuri, munganga. Lakini mutoto yangu anashonaka mustari ya kunyooka kupita hii."

Daktari alicheka hadi akavua glavu. Akamwambia sikio likipona litatogwa upya, pembeni kidogo ya pale pa zamani, lakini lazima angoje wiki kadhaa. Mama hakupenda hilo hata kidogo. Miaka arobaini hakuiona mirefu. Hizo wiki ndizo zilizomchosha. Akahamia katika chumba changu cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anatoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumapili ya pili nilivaa kwenda misa robe ile ile niliyobarikiwa nayo. Mama akanitazama kuanzia shingoni hadi miguuni.

"Nani alikushonea hii robe?"

"Mi mwenyewe."

"Juu ya nini ulishona robe ya mimba?"

"Si ya mimba, mama. Ni ya kuficha tumbo."

"Kuficha?" Akasimama, akanizunguka. "Marinda chini ya maziwa, kitambaa inafunguka mbele, kiuno hakuna. Hivi njo tunavalishaka bibi ya miezi tano, ili mutoto apate nafasi. Hapa unaficha nini? Unatangaza!"

Nilitaka kubishana. Kisha nikatazama ukutani, kwenye misumari ninakotundikia patroni zangu, yale makaratasi ninayokatia nguo. Nilijua niliikata robe ile kwenye karatasi ipi, maana niliichagua kwa kuwa ilikuwa pana na haikubani. Nikaishusha, nikaigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, palikuwa pameandikwa: MIMBA.

Kinyozi hajinyoi, nasi washonaji tukijishonea tunapofuka. Nililisoma neno lile, nikamwonyesha mama, ambaye hajui kusoma, nikamwambia limeandikwaje. Tulianza kucheka pamoja. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa na robe yangu ya Jumapili, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna msiba au harusi. Mzee wa watu wa protokoli! Alifanya kazi yake vizuri kabisa. Hakuona tumbo langu; aliona mshono wangu.

Mama akachukua pini zangu, akabana kitambaa nyuma, kiuno kikatokea. Nikasimama mbele ya kioo kirefu. Tumbo lilikuwepo, siwezi kusema halikuwepo. Lilikaa mahali pake, la mviringo, la mwanamke aliyezaa watu watatu na anayependa mihogo ya kukaanga. Sikulipenda ghafla, mambo hayaendi hivyo. Lakini chuki ilikuwa imepungua, na mimi nilikuwa nimechoka kujifungia na komeo. Jioni niliiandikia kliniki kwamba mwezi wa nane sitakuja. Wakaniuliza, basi lini? Swali hilo bado liko katika simu yangu, sijalijibu, na siku nyingine ninalisoma.

Sikio lilipopona, mama alitogwa. Alifungua fundo kwenye pindo la kikwembe chake cha zamani akatoa hereni mbili ndogo za shaba. Alikuwa amezitunza zote mbili miaka yote hiyo, hata ile niliyoivuta. Akazivaa, akatupa kitambaa cha kichwa kitandani, akatoka peke yake kwenda sokoni, kichwa wazi, shingo imenyooka. Nilimtazama mpaka akakunja kona, moyo unanidunda utadhani ninampeleka shule siku ya kwanza.

Alirudi amenuna. Akaweka nyanya chini.

"Nini, mama?"

"Hakuna mutu alisema kitu."

"Kitu gani?"

"Juu ya masikio! Nimezunguka soko yote. Hata mutu moja hakuangalia." Akagusa hereni ya kushoto. "Hii miaka yote nilikuwa ninazani bote banaangalia."

"Hata mimi sikuona, mama."

"Weye haukuona juu niliificha muzuri," akanijibu kwa ukali. "Siyo kama robe yako."

Alinuna saa nzima. Kisha mtoto wangu wa mwisho alirudi kutoka shuleni, akasimama mlangoni, akasema bibi anang'aa, na mama akampa samaki mzima peke yake.

Mwaka ukazunguka, mwezi wa tano ukarudi. Mama alikuwa amekuja kututembelea, tukakaa benchi lile lile, yeye na hereni zake, mimi nimevaa robe mpya, yenye kiuno. Padri akawaita wajawazito. Mzee wa protokoli akaja na mshipi wake wa kijani. Alipofika kwangu akapunguza mwendo, akanitazama, akapita. Mama akanifinya paja.

Kisha mzee akasimama kwenye benchi la mbele yetu. Hapo palikuwa na mteja wangu, mama wa makamo, aliyenishikilia nimshonee robe pana "kama ile yako ya mwaka jana", na hakutaka kabisa kusikia maneno yangu kuhusu marinda. Mzee akainama, akamnyooshea mkono. Yule mama akatikisa kichwa.

"Usiogope, mama. Baraka haiumizake mutu."

Benchi likageuka. Mwenzake wa kulia akaanza kumsukuma kiunoni. Yule mama akageuka nyuma kunitafuta, na uso wake niliujua, maana mimi niliuvaa mwaka jana. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Nikasimama.

"Baba, umuache," nikasema. "Huyo hana mimba. Ni mushono yangu."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na kwaya ilikuwa imemaliza ubeti. Kando yangu mama alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, hereni zote mbili zikicheza. Kanisa zima likageuka kunitazama, na tumbo langu likiwa hapo mbele yao. Nikabaki nimesimama mpaka yule mama alipokaa.